Ndege Kubwa ya Rimoti kwa Msimu wa Baridi: Pima Mlango Kabla ya Kukata Ubao

Kila Oktoba, majani yanapopukutika Minnesota, Ontario na kaskazini mwa Uingereza, wasomaji walioko huko huuliza jambo lile lile. Nina miezi mitano ya giza na theluji mbele yangu. Nimerusha ndege ndogo za rimoti kwa misimu kadhaa, na nina gereji au chumba cha chini ya nyumba. Je, naweza kujenga ile kubwa, ya mabawa ya mita mbili na zaidi, nikairusha theluji ikiyeyuka?

Unaweza. Ila nyingi ya ndege zinazoanzwa Novemba hufika Mei zikiwa mifupa ya bawa juu ya kabati, na mara nyingi waliozianza ni watu hodari wa msumeno na gundi. Kinachowaangusha ni mpangilio. Wanakata mbao kabla ya kuamua mambo yanayopaswa kuamuliwa kwanza, kisha wanakimbiza wiki za mwisho, ambazo ndizo zinazohitaji utulivu kuliko zote. Kwa hiyo nimeupanga ushauri huu kwa kufuata kazi inavyokwenda.

Kubwa ni ipi?

Chama cha Marekani cha ndege kubwa za mfano, IMAA, kinahesabu kuwa kubwa ndege ya bawa moja yenye upana wa inchi 80 (sentimita 203) au zaidi, na ya mabawa mawili yenye inchi 60 (sentimita 152) au zaidi. Ndege iliyojengwa kwa kipimo kamili cha robo ya ile halisi nayo huingia hata kama ni fupi kidogo.

Kwa mara ya kwanza nashauri moja tu: Piper J-3 Cub kwa kipimo cha robo. Ndege halisi, iliyotengenezwa Lock Haven, Pennsylvania, kuanzia 1938 hadi 1947, ina mabawa ya mita 10.7 na urefu wa mita 6.8. Robo yake ni mabawa ya mita 2.7 na kiwiliwili cha mita 1.7. Sababu zangu ni hizi:

- Bawa lake lina upana uleule kuanzia shinani hadi karibu na ncha. Ukishapata ubavu mmoja sahihi, karibu mbavu zote ni nakala yake.
- Kiwiliwili ni fremu ya pembe nne. Pande mbili unazijenga moja juu ya nyingine, zikatoka sawa.
- Ikijengwa vizuri huwa na kilo 7 hadi 9 kwenye bawa la takriban mita moja ya mraba, hivyo hutua polepole na kukupa muda wa kufikiri.
- Ramani, vifaa na watu waliokwisha kuijenga wapo tele.

Najua wengi mnataka Spitfire. Lakini bawa la Spitfire ni duaradufu, kwa hiyo karibu kila ubavu una kipimo chake. Magurudumu yake hukunjwa na yamekaribiana mno, hivyo ndege hupenda kuanguka upande ikiwa chini. Ijenge baridi ya pili au ya tatu. Kila utakachojifunza kwenye Cub kitakufaa huko.

Kuhusu namna ya kuanza, nunua kifurushi chenye mbao zilizokwisha kukatwa. Kujenga kwa ramani tupu, kama zile za Nick Ziroli zinazopendwa na wajenzi wa ndege kubwa za kivita, ni raha kubwa, ila hukula wiki kadhaa za kukata vipande, na baridi yako ya kwanza haina wiki za kutupa. Ndege iliyojengwa tayari kiwandani ni njia ya kurusha haraka, lakini huo si mradi wa baridi tunaouzungumzia.

Kabla ya kulipa senti, chukua tepu

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote. Pima:

- Mlango wa chumba utakachojengea, na kona ya ngazi kama ni chumba cha chini. Kiwiliwili cha mita 1.7 chenye mkia uliogundishwa hakipindi kona kama ubao mtupu.
- Gari lako, kuanzia kioo cha mbele hadi mlango wa nyuma, viti vikiwa vimelazwa. Kila nusu ya bawa itakuwa na mita 1.3 hivi.
- Meza. Unahitaji sehemu bapa ya mita 1.5 kwa nusu mita. Mlango mpya usio na nakshi, uliolazwa juu ya vihimili viwili imara, unatosha. Ukague kwa rula ndefu ya chuma kabla ya kuununua, kwani mlango uliopinda utazaa bawa lililopinda.
- Mahali pa kuitundika ikishakamilika. Familia ina haki ya kuulizwa hili mapema.

Kisha amua injini, aina ya servo na betri, na uandike uzito wa kila kimoja. Fanya hivi kabla ya kukata, kwa sababu ukuta wa injini, tanki na kitako cha servo hujengwa ndani ya kiwiliwili. Anayebadilisha injini mwezi wa Februari hulazimika kubomoa pua nzima.

Na pesa? Mbao ndizo sehemu ndogo. Gharama kubwa iko kwenye injini, servo, risiva, betri na plastiki ya kufunikia. Gawanya ununuzi: mbao na gundi Oktoba, servo Desemba, injini Januari. Usiache servo ziwe za mwisho, maana ndipo watu hujikuta wameishiwa wakanunua za bei ya chini kabisa, na servo ndiyo inayoishikilia ndege hewani.

Chumba: ubaridi, ukavu na hewa

Baridi inaleta matatizo ambayo vitabu vingi vya ujenzi huyapita haraka.

Epoksi hukauka polepole sana gereji ikiwa baridi, na ikiwa baridi mno huenda isifikie nguvu yake kamwe. Lenga nyuzi 20 za Selsiasi, na ziendelee usiku kucha kipande kinapokauka. Kama gereji haishiki joto, kata na upige msasa huko, lakini gundisha ndani ya nyumba.

Nyumba inayopashwa joto, nayo, ina hewa kavu mno. Supa gluu hukauka kwa kunyonya unyevu ulio hewani, kwa hiyo Januari utaona inachelewa. Usijibu kwa kumwaga nyingi. Kaza kiungo, subiri. Kwenye viungo vinavyobeba mzigo tumia gundi ya mbao au epoksi ya dakika 30. Ile ya dakika 5 ni ya vitu vidogo.

Ubao wa balsa uliotoka dukani uache wiki mbili katika chumba kilekile utakachojengea, umelazwa bapa. Ukijenga fremu kwenye gereji baridi kisha ukaileta sebuleni karibu na kipasha joto, mbao zitasinyaa bila kulingana na fremu itajikunja.

Hewa ndiyo ya hatari zaidi. Madirisha yakiwa yamefungwa, kumbuka haya:

- Usiwashe jiko la gesi au la mafuta ya taa kupasha joto gereji iliyofungwa. Hewa ya kaboni monoksidi haina harufu, na inaua. Weka king'ora chake hata kama unatumia umeme.
- Usiwashe injini ndani, hata kwa sekunde chache za kujaribu, wala usihifadhi petroli ndani ya nyumba.
- Vaa barakoa ya vumbi kila unapopiga msasa. Vumbi la balsa ni jepesi, na hubaki hewani muda mrefu baada ya mikono kutulia.
- Fungua dirisha unapotumia supa gluu, hata kama nje ni chini ya sifuri. Mvuke wake unawasha macho na kifua, na kuna watu ambao mwili wao huanza kuukataa kabisa.
- Betri za lithiamu usizichaji zikiwa chini ya nyuzi sifuri. Zinaharibika ndani bila kuonyesha. Ziingize ndani zipate joto la chumba kwanza. Betri ya LiPo inayokaa bila kazi iache na volti 3.8 hivi kwa kila seli, kwenye mfuko au chombo kisichoshika moto.

Kalenda ninayoipendekeza

- Oktoba: kuamua, kupima, kununua, kusoma ramani yote mwanzo hadi mwisho mara mbili.
- Novemba: mkia wote, kisha mbavu na boriti za bawa la kwanza.
- Desemba: bawa la pili na sehemu ya katikati. Pumzika sikukuu; kazi ya uchovu hupinda.
- Januari: kiwiliwili.
- Februari: injini, tanki, servo, nyaya. Kila kitu kifungwe na kijaribiwe ndege ikiwa bado mifupa.
- Machi: fungua tena, piga msasa, funika.
- Aprili: kuunganisha, kupima mizani, ukaguzi. Usipange kitu kingine.

Wengi hufunika Januari kwa hamu ya kuona rangi ya njano ya Cub. Nakuomba usifanye hivyo. Kupitisha waya wa servo ndani ya bawa lililofunikwa ni mateso, na kiungo kilichoachia hakionekani chini ya plastiki.

Usiweke pia mkutano wa ndege kuwa siku ya mruko wa kwanza. Tamasha la Joe Nall hufanyika Mei kule Woodruff, South Carolina, na ni la kupendeza. Nenda ukatazame. Ndege isiyowahi kuruka iache nyumbani.

Mezani

Anza na mkia, maana ni mdogo, na kosa lake ni kipande cha kutupa tu. Laza ramani, ifunike kwa plastiki nyembamba ili gundi isishike karatasi, kisha bana mbao kwa pini. Kiungo kizuri kinakaa chenyewe bila gundi. Ukilazimika kujaza pengo, kata kipande kingine.

Bawa ndilo linalohitaji subira. Kujipinda kwake hutokea wakati wa kugundisha ubao wa juu, pale bawa linapofungwa na kuwa sanduku. Hapo liwe limebanwa mezani kwa vitu vizito, na lisiguswe hadi kesho. Kipimo cha ncha ukifuate kwenye ramani. Mara nyingi ncha huinamishwa mbele kidogo makusudi ili bawa lisikate, yaani lisipoteze mnyanyuo, ghafla ndege ikiwa polepole. Kinachotakiwa ni mabawa mawili yalingane. Nunua kipima pembe kidogo cha kidijitali na upime kila upande sehemu tatu. Tofauti ya nyuzi moja kati ya kushoto na kulia utaihisi angani kila unapopunguza mwendo.

Jambo moja la Cub: katika vifurushi vingi, fimbo zinazotoka chini ya kiwiliwili kwenda bawani zinabeba mzigo. Angalia ramani inasemaje, na kama ni hivyo, ndege isiruke hata mara moja bila fimbo hizo.

Uzito wa mkia

Hapa ndipo ndege kubwa nyingi huharibika bila mjenzi kujua, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mkia wa Cub uko mbali na kitovu cha uzito mara tatu hivi kuliko injini. Maana yake, gramu 100 za ziada mkiani zitadai gramu 300 za risasi puani, na ndege yako imeongezeka gramu 400 zisizofanya kazi yoyote. Na gramu 100 huja kimyakimya: epoksi iliyofurika, rangi ya tabaka la tatu, gurudumu zuri la nyuma.

Kinga yake ni mizani ya jikoni. Balsa, ambayo nyingi hutoka Ekuado, hutofautiana sana kwa uzito. Ubao wa unene wa milimita 3, upana wa sentimita 10 na urefu wa mita moja unaweza kuwa na gramu 30, na mwenzake wa kipimo hichohicho gramu 60. Ukipokea kifurushi, fanya hivi:

1. Pima kila ubao na uandike uzito juu yake kwa penseli.
2. Mwepesi kabisa peleka mkiani na kwenye ncha za mabawa.
3. Mzito weka puani na sehemu za katikati ya bawa.
4. Boriti kuu usizipunguze. Ziwe za mbao ngumu kama ramani ilivyotaka.
5. Kila sehemu ikikamilika, ipime na uandike kwenye karatasi ukutani. Karatasi hiyo itakuambia mapema kama unaelekea kilo 8 au kilo 11.

Servo za mkia ukiweza ziweke mbele, chini ya bawa. Na kama unaona pua itakuwa nyepesi, sogeza betri kwenye ukuta wa injini kabla ya kufikiria risasi.

Kosa la upande wa pili ni kuongeza nguvu pasipohitajika. Mjenzi anaogopa ajali, anaongeza plaiwudi na epoksi kila kona, na ndege inakuwa nzito kiasi kwamba inatua kwa kasi na kuvunjika kwa uzito wake. Imarisha sehemu tatu tu: ukuta wa injini, mahali magurudumu yanapofungwa, na shina la bawa.

Injini na mafuta

Kwa Cub hii, injini ya petroli ya sentimita za ujazo 20 hadi 35 inatosha kabisa. Waliotoka kwenye injini ndogo za methanoli waangalie haya:

- Mpira wa silikoni uliouzoea usitumie kwa petroli. Huvimba na kuoza. Nunua mipira ya petroli, ya tanki na ya nje.
- Kizibo cha tanki nacho kiwe cha petroli.
- Mchanganyiko wa mafuta ufuate kitabu cha injini yako, si kauli ya jirani wa kiwanjani.
- Kiwashio kiwe na betri yake na swichi yake, na kikae angalau sentimita 30 kutoka kwenye risiva.
- Weka njia ya kuizima injini kwa rimoti, mbali na kufunga kabureta.

Umeme badala ya petroli? Inafaa, hasa kama kiwanja chenu kina majirani wasiopenda kelele. Lakini amua Oktoba, maana uzito wa betri hubadilisha pua yote.

Umeme wa ndani

Risiva ipate betri mbili, kila moja na swichi yake, ili moja ikifa nyingine iendelee. Za LiFe za volti 6.6 ni tulivu na zinafaa. Kila eleroni iwe na servo yake, na elevata igawanywe mara mbili, kila nusu na servo yake. Chagua servo za gia za chuma, zenye nguvu ya kilo 10 kwa sentimita au zaidi.

Shika ukingo wa kila usukani kwa vidole viwili ukiutikisa taratibu. Ukicheza, tafuta tundu lililolegea na ulitibu. Usukani unaocheza unaweza kuanza kutetemeka ndege ikishika kasi, na mtetemo huo hung'oa bawa au mkia kwa sekunde chache. Viungio vyote vya nyaya vifungwe kwa klipu. Plagi hazishikwi kwa matumaini.

Sheria zifuatilie wakati gundi inakauka

Marekani, ndege yoyote inayozidi gramu 250 inaandikishwa kwa mamlaka ya anga, FAA, na mrushaji wa burudani hufanya jaribio la usalama la TRUST. Tangu Machi 2024 sharti la utambulisho wa mbali (Remote ID) linasimamiwa kwa nguvu, isipokuwa kwenye viwanja vilivyokubaliwa kuwa FRIA. Klabu nyingi za AMA, chama cha ndege za mfano chenye makao Muncie, Indiana, zina viwanja hivyo. Kanada utashughulika na Transport Canada, na chama ni MAAC. Uingereza ndege ya uzito huu inahitaji namba ya mmiliki na ya mrushaji kutoka mamlaka ya anga, CAA, na vyama vya kuviuliza ni LMA na BMFA. Kilo 25 ndio mpaka wa kukumbuka katika nchi hizo tatu. Juu yake kuna taratibu nyingine kabisa.

Wasomaji wa Kenya na Tanzania wanaotaka kujenga wakati wa masika waanze na mamlaka yao ya anga, KCAA au TCAA, kabla ya kuagiza chochote. Kibali kinaweza kuchukua muda mrefu kuliko bawa.

Na jiunge na klabu mapema, Novemba, si Aprili. Utahitaji macho ya mtu asiyeijua ndege yako.

Siku ya kwanza

Mjenzi haoni kosa lake, kwa sababu amelitazama miezi mitano. Mpe mjenzi mwingine ndege na orodha hii, wewe ukae kimya:

1. Kitovu cha uzito kipo pale ramani ilipoonyesha, tanki likiwa tupu. Bawa la Cub hii lina upana wa sentimita 40 hivi, na sehemu hiyo kwa kawaida iko kati ya robo na theluthi kutoka ukingo wa mbele. Kama huna hakika, anza mbele kidogo.
2. Mabawa yanalingana uzito kushoto na kulia.
3. Eleroni zinakwenda upande sahihi. Simama nyuma ya ndege, sukuma fimbo kulia: eleroni ya kulia inapanda. Kugeuka kwa eleroni ndiko kosa linalomaliza ndege mpya nyingi, na linaonekana kwa sekunde mbili tu ukiwa ardhini.
4. Rimoti ikizimwa, injini inashuka.
5. Jaribio la umbali limefanywa kama kitabu cha rimoti kinavyoagiza, injini ikiwa imezimwa, kisha ikiwa inanguruma.

Wakati wa kuwasha, ndege ifungwe au ishikwe na mtu wa pili, na asisimame mtu usawa wa propela. Hii ni propela ya inchi 18 hivi, haina huruma kwa vidole.

Chagua asubuhi isiyo na upepo. Kama hujawahi kurusha ndege ya uzito huu, mwombe mzoefu wa klabu airushe kwanza na kuisawazisha, kisha akukabidhi. Si aibu, hata wajenzi wakubwa hufanya hivyo. Panda juu, jaribu kupunguza mwendo ukiwa na nafasi ya kutosha chini yako, uone inavyokata, kisha tua baada ya dakika sita au saba mafuta yakiwa bado mengi.

Ukishatua, usijaze tena mara moja. Fungua kifuniko cha pua, kaza boliti za injini, kwa maana mbao mpya hubonyea chini ya vichwa vya boliti katika mruko wa kwanza. Tikisa fimbo za bawa, angalia gundi ya ukuta wa injini na shina la magurudumu, pima volti za betri zote mbili na uandike. Vikiwa sawa, weka mafuta ya mruko wa pili.